Sultani wa Makyad na dumu langu la togwa

Mwanangu yuko likizo ya mwezi wa sita na mpaka Jumamosi alikuwa ameshaniambia mara tatu kwamba humu ndani hamna cha kufanya, nikamwambia basi njoo ukae hapa nikuonyeshe muvi niliyokuwa naangalia mimi nilipokuwa na umri wako. Akauliza ina rangi? Haina. Akashusha pumzi kama mgonjwa aliyeambiwa sindano zimebaki tatu, lakini akakaa, akajifunika khanga miguuni, simu yake akaiweka kifudifudi juu ya stuli, na kwa mtoto wa kidato cha pili hiyo ni heshima kubwa mno.

Muvi yenyewe ni The Belles of St Trinian's, ya Waingereza, ya mwaka 1954. Wengi hamtaijua wala si kosa lenu. Ni komedi ya shule ya bweni ya wasichana ambayo kila kitu kimeenda mrama: wanafunzi wadogo ni majambazi, wakubwa ni warembo wavivu, maabara ya kemia inatumika kupikia pombe kali, walimu hawajaona mshahara sijui toka lini, wakaguzi waliotumwa na wizara hawakurudi ofisini kumbe wamehamia hapo hapo shuleni wanakula maisha, na mwalimu mkuu Miss Fritton anayaendesha hayo yote kwa sauti laini kama anakaribisha wageni chai. Na Miss Fritton ni mwanamume, yaani anayemwigiza ni Alastair Sim, halafu humo humo ndiye anayeigiza na kaka yake Miss Fritton, Clarence, mtu wa kamari za farasi. Stori inashika moto pale Sultani wa nchi inayoitwa Makyad anapomleta binti yake Fatima asome hapo kwa sababu farasi wake wa mashindano yuko jirani, na kuanzia hapo kila mtu shuleni, mkubwa kwa mdogo, anamtaka huyo farasi.

Huyo Sultani ndiye aliyenifanya niandike leo, ila acheni kwanza nirudi nyuma kidogo.

Miaka ya tisini katikati tulikuwa tunakaa Tanga, Ngamiani, na baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Bamdogo alikuwa Leicester, na kila alipopata mtu anayekuja huku alimpa kaseti za video alizorekodi mwenyewe kwenye tivii yake, kwa hiyo ndani ya muvi unakuta matangazo ya biskuti na bima za magari, sisi tulikuwa tunayajua kwa moyo yale matangazo kuliko hata hiyo muvi. Deki ya video ilikuwa ya kwetu lakini kichwa chake kilikuwa kinachafuka, baba alikuwa anakisafisha kwa pamba na spiriti huku tumekaa mkao wa kula, na ukifika usiku wa muvi sebule inajaa mpaka majirani wanakaa kizingitini. Hiyo kaseti bamdogo aliiandika kwa kalamu nene neno moja tu, SHULE.

Baba alikuwa anacheka mpaka anavua miwani. Na nimegundua juzi kwamba mimi na baba hatukuwa tunacheka kitu kimoja, kwa sababu yeye mtu wake alikuwa Flash Harry. Huyo ni kijana wa mjini, kaigiza George Cole, kofia imeshuka, koti limemzidi, anatokea vichakani kila akiitwa, na kila akitokea kuna kamuziki kake. Ndiye anayeuza nje ile pombe ya wanafunzi na kuwawekea dau zao. Waingereza walikuwa na watu wa hivyo tele wakati wa vita vya pili vya dunia na baada yake, maana vyakula vilikuwa vya mgao, na mgao wa nyama ulikuja kuisha kabisa tarehe 4 Julai 1954, mwaka huo huo wa muvi, kwa hiyo walikuwa wanamcheka mtu ambaye ndo kwanza anaanza kupotea mitaani kwao. Sasa fikiria baba, mtu aliyepanga foleni ya sukari na sabuni kwenye maduka ya ushirika, aliyeshuhudia mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine anawafagia wahujumu uchumi na watu wanatupa madumu ya mafuta ya kula usiku ili yasikutwe kwao. Akimwona Flash Harry anasema huyu si mlanguzi kabisa huyu! Huyu namjua, alikuwa anakaa barabara ya kumi na tano! Na sebule nzima inaangua kicheko kwa sababu kweli wote walikuwa wanamjua.

Mimi nilikuwa nawaangalia wale watoto. Nilikuwa nimetoka kuanza bweni, shule moja ya wasichana huko bara, jina naliacha. Kuamka saa kumi na nusu, mchakamchaka, kudeki, paredi, kiranja anakupitia kucha, makande Jumatatu mpaka unayaota. Halafu narudi likizo nakuta kwenye tivii kuna wasichana wa umri wangu, sketi fupi, tai zimelegea, soksi zimeporomoka, wanacheza mechi inayogeuka vita, wanamficha farasi mzima bwenini, na HAKUNA MTU ANAYEWACHAPA. Nilidhani ndiyo shule za wazungu zilivyo. Kwa kweli niliamini hivyo kwa miaka, kwamba kuna mahali duniani msichana anaweza kuwa mbaya tu, mbaya wa kujitakia, na mwalimu mkuu akatabasamu. Kuna mahali Miss Fritton anasema shule nyingine zinawatoa wasichana kwenye dunia katili bila kuwaandaa, lakini wa kwake wakitoka, dunia katili ndiyo inayotakiwa ijiandae. Hiyo nilikuwa naisema kwa Kiingereza chake, na pua nimeinua kama yeye.

Basi nikarudi shule na wazo. Pombe hatukuithubutu, sisi tulikuwa watoto wa watu, tukasema tutatengeneza togwa. Tulikuwa wanne. Mmoja alitoka kwao na kimea cha ulezi kafunga kwenye kitambaa cha kichwa, unga tuliupata jikoni kwa mama mpishi mmoja aliyekuwa anatuhurumia, tukachemsha uji Jumamosi wakati wa kufua, ukapoa, tukatia kimea, tukamimina kwenye dumu la lita tano, tukalifunga vizuri kwa sababu tuliogopa harufu, tukalisukuma nyuma ya matranka chini ya kitanda changu. Anayejua togwa ameshajua mwisho wa hii stori. Togwa halifungwi hivyo! Jumatatu usiku tuko prepu, bweni liko tupu, matroni anapita na tochi yake akasikia mlio akadhani ni bomba limepasuka. Alikuta uji umefika mpaka kwenye neti za vyandarua. Sweta langu la shule lilinuka uchachu mpaka namaliza kidato cha nne.

Kwa mwalimu mkuu iliandikwa pombe. Tulijieleza weee, togwa hata watoto wachanga wanapewa, lakini wapi, pombe ni pombe. Viboko sita mbele ya paredi na wiki mbili nyumbani. Baba alikuja kunichukua, kavaa suti yake moja ya kaki, akasimama mbele ya yule mama mwalimu mkuu akaomba radhi kwa niaba ya familia kwa unyenyekevu ambao ulinichoma kuliko fimbo. Hakunisemesha mpaka stendi. Hakunisemesha kwenye basi. Tulipopita Segera, bila kugeuka, akasema dumu la lita tano. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka kondakta akaja kuuliza mzee vipi.

Ukubwani ndo nikaja kujua kwamba mwaka 1954 fimbo ilikuwa halali kabisa kwenye shule za Uingereza, na bunge lao lilikuja kuipiga marufuku kwenye shule za serikali mwaka 1986. Kenya waliiondoa 2001. Sisi Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu, viboko vinne, na utaratibu wake umeandikwa vizuri. Kumbe watoto wa kizungu waliokwenda sinema mwaka ule nao walikuwa wanaangalia ndoto kama mimi! Hii ilinipa faraja ya ajabu, sijui kama ni halali kufarijika hivyo. Na kitu kingine ambacho nakiona sasa hivi na wakati ule sikukiona ni kwamba vituko vile vinachekesha kwa sababu ni watoto wa wenye nazo. Baba zao wanalipa ada. Wachukue wasichana hao hao, uwapeleke kwenye shule ya watoto wa wafanyakazi wa kiwandani, pombe ile ile, kamari ile ile, hapo muvi si komedi tena, ni stori ya polisi na jela ya watoto.

Haya, turudi Jumamosi.

Mwanangu alicheka. Kwanza kwa kujibana, halafu kwa farasi alishindwa. Kwa Alastair Sim alikaa kimya muda mrefu halafu akasema mama huyu hafanyi kama wale wa kwetu, na nilimwelewa hapo hapo. Vichekesho vyetu mwanamume akivaa khanga ni lazima ajaze makalio mito, abane sauti, agombane na muuza mkaa, na tunacheka kwa sababu mwanamke ndivyo tulivyoamua alivyo. Sim havai mwanamke wa kumkebehi. Anamwigiza mama mmoja mwenye adabu zake, mwenye madeni, anayejua shule imemshinda na hatakiri mbele za watu. Mikono yake ile, anavyoishika shanga. Nikisema kitu kimoja kwenye muvi hii hakijazeeka basi ni hicho.

Vingine vimezeeka. Vimezeeka na vinanuka. Walimu wanawake, wote, ama mlevi ama amekimbia kitu ama kakosa mume. Kuna askari polisi wa kike, Joyce Grenfell, anatumwa shuleni kupeleleza akijifanya mwalimu wa michezo, na mzaha wake wote ni kwamba ana mchumba ambaye ni bosi wake na ndoa haifiki. Joyce Grenfell ananiua mbavu mpaka leo, miguu mirefu kama korongo, lakini juzi nilijikuta nahesabu, katika wanawake wote wazima humo ndani hakuna hata mmoja aliyepewa akili bila kupewa kasoro ya kuilipia. Isipokuwa Miss Fritton, ambaye ni mwanamume.

Na wale wakubwa, wa kidato cha sita. Hapo nilitamani umeme ukatike. Wasichana wanaotakiwa kuwa wanafunzi wamekaa kaa kama wanasubiri mpiga picha, na mwanangu, ambaye ana miaka kumi na minne, akauliza bila hata kunitazama, mbona hawa kazi yao ni miguu tu? Nikasema enzi hizo ndivyo walivyokuwa wanafanya muvi. Jibu la kijinga. Yale mavazi yamekuwa vazi la pati kule Uingereza miaka nenda rudi, watu wazima wananunua sketi ya shule na soksi ndefu wanaenda kunywa, na mimi nilikuwa najua hilo na bado nikamketisha mtoto hapo. Nilikuwa nimesahau. Au nilikuwa sijawahi kuliona, maana nikiwa na umri wake macho yangu yalikuwa kwa wadogo na farasi.

Sasa Sultani.

Bibi mzaa baba alikuwa Muunguja, aliolewa Tanga, na usiku wa ile kaseti alikuwa anakaa nyuma yetu kwenye mkeka akisuka ukili, haangalii sana, anasikiliza. Alisoma Kiingereza kidogo shule ya serikali ya wasichana Unguja, ile iliyofunguliwa 1927, kwa hiyo neno moja moja lilikuwa linampata. Alipotokea Sultani akauliza huyo nani. Sultani, bibi. Sultani wa wapi? Wa Makyad.

Akaacha kusuka.

"Makyad ndiko wapi? Maskati n'naijua. Mukalla n'naijua. Makka Mungu anijaalie nifike. Makyad?"

Baba akasema mama, wametunga tu hao.

"Wametunga nchi nzima?"

Tulicheka jamani. Tulicheka kuliko tulivyocheka muvi. Bibi akasubiri tumalize, akasogeza kichwa mbele kuitazama tivii vizuri, akasema na huyo si Mwarabu huyo, nawajua mie. Tukacheka tena. Bibi akarudi kwenye ukili wake, na maneno ya bibi yakawa utani wa nyumba kwa miaka, mtu akidanganya kitu tunamwambia wewe, umetunga nchi nzima?

Jumamosi usiku nikaenda kutafuta majina ya waigizaji, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Sultani wa Makyad ni Eric Pohlmann, mzaliwa wa Vienna. Nililaza simu kifuani nikatazama dari. Bibi alikuwa sahihi, na sebule nzima tulimcheka yeye.

Maana bibi mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, Unguja, na Unguja kulikuwa na Sultani, wa kweli, Seyyid Khalifa bin Harub, aliyekaa kwenye kiti toka 1911 mpaka alipofariki 1960, chini ya ulinzi wa hao hao Waingereza uliowekwa 1890. Bibi aliwahi kutuhadithia walivyosimama barabarani na wenzake, mabuibui yamejaa vumbi, gari likapita na bendera nyekundu. Hakuwa mpenzi wa Sultani kihivyo, maoni yake kuhusu watawala wote aliyaweka ndani ya tambuu. Ila alijua kwamba sultani ni mtu mwenye jina na nchi yenye mitaa. Waingereza nao walijua. Walikuwa na mwakilishi wao amekaa pale pale mjini, wanaandika barua kila siku, wakitaka kujua Sultani anafananaje wangeuliza ofisini kwao wenyewe. Wakaona hapana, tubuni Makyad, mtu wa Vienna atatosha. Sidhani kama kulikuwa na chuki. Chuki ningeielewa. Ilikuwa ni uvivu tu, hakuna aliyeona haja, na mwaka huo huo tarehe 7 Julai, siku tatu baada ya nyama kutoka kwenye mgao kwao, TANU inazaliwa Dar es Salaam. Watu walikuwa wameshaanza kuamka wakati wao bado wanatunga nchi.

Na Fatima wa watu. Muvi ikiisha namkumbuka farasi vizuri, jina lake Arab Boy, namkumbuka bwenini, namkumbuka kwenye mbio. Fatima sikumbuki alisema nini. Mtoto wa kike Mwislamu wa bweni, umri wangu, jina ambalo darasani kwetu tulikuwa nalo matatu, na sikuwahi hata siku moja nikiwa mdogo kujiona mimi ni yule. Nilijiona mimi ni wale wazungu wadogo wenye fimbo za mpira wa magongo. Hilo ndilo linalonisumbua toka Jumamosi, mambo ya Waingereza nayaacha. Ni kwamba waliniwekea mtu wa kwetu pale mezani na mimi nikakaa upande wa pili, na nikacheka naye akiwa ndiye kichekesho, na bibi yangu aliyekaa nyuma akauliza swali la maana nikamcheka na yeye.

Wasichana wale kwanza walikuwa vikatuni, vya Ronald Searle, na hii inanifanya nishindwe kuikasirikia hii kitu moja kwa moja. Alianza kuwachora 1941, mwaka uliofuata akakamatwa na Wajapani Singapore, akakaa mateka mpaka vita inaisha, kule gereza la Changi na kwenye ile reli ya Siam na Burma waliyojengeshwa mateka, akichora kwa siri na kuficha makaratasi chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu ambao walinzi hawakutaka kuwasogelea. Ukishajua hivyo ukarudi kuwaangalia wale watoto wenye kamba na shoka unaona kabisa mzaha haukuzaliwa kwenye raha. Huyo mtu aliijua dunia katili. Waliokuja kuongeza miguu na Sultani ni wengine.

Jana nimempigia baba. Shikamoo, marahaba, magoti vipi, nikamwambia nimeiona tena ile SHULE. Akaanza pale pale kupiga mluzi wa Flash Harry, na uzee wake huo, mluzi umekuwa hewa tupu. Nikamwambia baba unakumbuka bibi alivyosema yule si Mwarabu? Akasema nakumbuka. Nikamwambia alikuwa wa Vienna. Kimya. Halafu akasema, "Tungemwambia." Bibi amefariki mwaka 2009, Makka alifika.

Mwanangu anafungua shule wiki ijayo na leo tulikuwa tunapanga tranka, sabuni za miche, dawa ya mbu, daftari kubwa nne. Nikamuuliza kama simu zingekuwa zinaruhusiwa shuleni ungewaonyesha wenzako ile muvi? Akafikiri huku anakunja shuka. Akasema ningewaonyesha. Nikamuuliza wangecheka wapi. Pale kwa farasi bwenini, akasema, na yule polisi mrefu. Nikanyamaza nikisubiri.

"Na kwa Sultani wangecheka, mama. Wangecheka sana tu."

Nikamwambia lete hilo sweta nilikague.